Divai ya Akina Mama

Mjomba,

Sikuulizi hali, wala sijakuandikia ili tusalimiane. Nimekuandikia kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Pale Iguhu tulipokuzika nilisimama nyuma ya hema nimefumba mdomo, watu wakadhani ni uchungu wa kufiwa.

Walikusifu sana. Mzee aliyeongoza mazishi alishika maikrofoni akasema wewe ndiye mtu wa kwanza Kakamega kuweka glasi ya divai kando ya obusuma, ugali wetu, na kuku, na vikapatana. Akasema ulirudi kutoka meli za watalii za kule Karibi ukijua divai ipi inaenda na chakula kipi, na kwamba ujuzi huo umezikwa nawe. Watu wakatikisa vichwa. Hakuna aliyesema kwamba katika hoteli yako ya Shirere aliyekuwa anaonja, anatema, anaonja tena, alikuwa mpwa wako Fridah. Wangejuaje? Hukuwahi kuwaambia.

Sikatai kwamba ulinifundisha. Ulinifundisha kumloweka kuku kwa pilipili, tangawizi, limau na vitunguu, kisha kumchoma polepole kwa moshi kama wale wapishi wa Jamaika uliofanya nao kazi melini. Ulinifundisha wali na maharagwe ya tui. Ulinisimulia siku uliyoonja mboga yao ya majani na bamia, kalalu, ikateleza kooni kama mrenda wa bibi, ukacheka peke yako jikoni. "Hawa ni watu wetu kabisa," ulikuwa ukiniambia. Nilikupenda sana ulipoongea hivyo. Ndiyo maana leo nimekasirika kiasi hiki.

Lakini zile firigisi, Mjomba! Firigisi za pilipili ndizo zilizokuwa zinawaleta watu, walimu na makarani na vijana wa chuo, na wewe kila meza ulipeleka divai nyekundu, ile nzito uliyoiita ya wanaume. Nilikuambia nyekundu inagombana na pilipili. Inakausha ulimi, moto unapanda, mteja anamaliza maji badala ya chakula. Nikakuambia wape hii nyeupe yenye utamu kidogo, ikiwa baridi, itauliza ulimi kama unataka tonge lingine. Ulicheka mbele ya wateja. "Hiyo ni divai ya akina mama." Halafu ukaongeza ile uliyoipenda zaidi: "Na wewe imondo utajulia wapi? Ushawahi kuikula?"

Sikuwa nimewahi, na ulijua kwa nini. Kwetu imondo, ndiyo firigisi, ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haonji. Tangu utotoni nimezipasua, nimezibandua ile ngozi ya njano ya ndani, nimeziosha na kuziunga, na hakuna hata moja iliyoingia kinywani mwangu. Kule hotelini mwanamke wa kutoka mjini akilipa ulimwekea sahani ya firigisi mbele yake kwa heshima zote. Mimi niliyeipika ukaninyima hata kipande cha kuonjea. Kisha ukanicheka kwa kutojua ladha yake! Huo ulikuwa uonevu, na uliufanya ukitabasamu.

Sasa sikiliza yaliyotokea tangu uende. Mkeo, Anti Rosa, aliamua tufunge biashara ya divai. "Hiyo mambo ya waini ilienda na mwenyewe," aliwaambia kaka zako. "Sisi tutauza chai na chapati." Simlaumu, alisema alichoamini. Kaka zako wakakubali mara moja, na mimi nikaona miaka yangu yote ya jikoni inatupwa nje na majivu. Niliwaomba kitu kimoja tu, waje Jumapili baada ya kanisa wale chakula changu, kisha waamue.

Walikuja nyumbani kwako. Nikapakua kila kitu, na kwanza nikamimina nyekundu yako. Kaka yako mkubwa alikohoa, akaomba maji, akalalamika kwamba nimezidisha pilipili. Nikamimina nyeupe. Akanywa, akala, akanywa tena, akavuta sahani karibu yake.

Hapo ndipo nilipochukua firigisi moja nikaila, nimesimama mbele yao wote. "We Fridah!" kaka yako alinikemea. "Unatuaibisha kwa nyumba ya marehemu?" Niliendelea kutafuna. Ni ngumu kidogo, ina utamu unaokuja mwishoni, na hakuna kitu ndani yake ambacho pua yangu haikuwa imeniambia zamani. Nikashushia na ile nyeupe. Nilikuwa sahihi, Mjomba. Nilikuwa sahihi muda wote huo.

Anti Rosa hanywi, ameokoka. Lakini aliishika ile chupa, akaitazama karatasi yake, akaniangalia kwa mshangao. "Hii si ndiyo alikuwa anakunywanga nyumbani? Kila akichinja kuku. Alikuwa ananiambianga nisiambie mtu."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia kwa hasira tupu. Nilikuwa nimejiambia kwamba hukunisikia, kwamba ulimi wako ulikuwa umechoka, kwamba ni uzee. Mtu asiyejua anasameheka. Kumbe ulinisikia vizuri sana. Ulikubali, ukaibeba divai yangu kwenye mfuko mpaka nyumbani, ukaifurahia na kuku wako mlango ukiwa umefungwa, na kesho yake ukarudi kunicheka mbele ya wateja wale wale.

Na ulikuwa na nafasi. Ulilala mgonjwa muda mrefu, mimi nikikuletea uji, mkiongea na kaka zako mambo ya ng'ombe na mipaka ya shamba. Neno moja tu lingetosha. "Muulizeni Fridah." Lingekugharimu nini?

Anti amenipa funguo za hoteli. Kaka zako bado wananung'unika kuhusu ile firigisi, na mmoja hanisalimii tena. Wanune tu. Nyekundu nimeiondoa kwenye meza za pilipili, na wateja hawaagizi tena majagi ya maji. Kuna wakati moshi ukiivisha kuku vizuri nageuka nikuonyeshe, halafu nakumbuka umekufa, halafu nakumbuka ulichonifanyia, na sijui kipi kinaniuma zaidi. Sijakusamehe. Usidhani kilio changu kilikuwa msamaha.

Lala, Mjomba. Nakuachia ahadi moja. Mteja yeyote akiniuliza nani alinifundisha kupika, nitakutaja kwa jina lako lote, kwa sauti, meza zote zisikie, kila siku nitakayofungua mlango ule. Si kwamba unastahili. Ni ili uone jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mpwa wako,
Fridah