Mshumaa wa Mke Wetu

Babu, mpinzani wangu,

Sydney nzima hakuna mwanamume wa kunishinda kwa kusimulia, hata wewe ungenyamaza. Jumamosi sisi watu wa nyanda za Laikipia tulikutana ukumbini, mtaa wa Granville hapa Sydney, baridi ya kung'ata masikio, kuwakumbuka marehemu wa nyumbani. Kila mtu anasimulia habari za mmoja wake, mchungaji anaandika jina kwenye kadi, mshumaa unawashwa.

Wengine walisema, "Alikuwa mtu mwema," wakaketi. Mimi nikawapa Nyanya mzimamzima, yule mke wetu tuliyekuwa tukimgombania! Nikawaonyesha alivyopanda kichuguuni kumwita ndama aliyepotea, mpaka majirani wa mbali wakaitika wao. Alivyonipa ukoko wa ugali, wewe mumewe ukimeza mate. Watu walicheka, halafu nikasikia ukumbi mzima unavuta kamasi. Chapati zikapoa bila kuguswa.

Mchungaji akainua kalamu. "Jina lake kamili, kijana?"

"Mama Naomi."

"Naomi ni binti yake. Yeye mwenyewe aliitwa nani?"

Babu, wewe ulimwita Mama Naomi. Majirani, Mama Naomi. Nikarudia "Mama Naomi" tu, na mshumaa ukawashwa juu ya kadi tupu.

Jifunike vizuri, kunywa chai ya moto, na usiongee na picha yake mpaka usahau kula. Mimi nimemlilia mke wetu mbele ya watu wote, na jina lake silijui.

Mjukuu wako