Chuo cha Mama Kimekatwa kwa Wino Mwekundu

Jumatano, alasiri. Mtaani kwetu Langoni leo hakuna hata upepo wa kutikisa pazia, na mimi nina hasira tangu jana.

Insha yangu ya kuomba nafasi koleji ya ualimu imerudi kutoka kwa Bwana Omari, aliyenifundisha shuleni. Nilimpelekea anisahihishie kabla mfuko wa posta haujaondoka kesho asubuhi, maana ukinipita huo, nafasi ya mwaka huu imekwenda. Makosa yangu madogo madogo ameyarekebisha vizuri, namshukuru. Lakini aya ya pili yote ameikata kwa wino mwekundu, mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe.

Ndiyo aya ya mama.

Swali linauliza kwa nini nafaa kuwa mwalimu. Nikaandika ukweli: mama yangu ana chuo, anasomesha watoto Kurani hapa barazani petu, na tangu nilipohitimu mwenyewe ninamsaidia. Namjua mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa uvivu. Najua mkorofi akalishwe karibu na nani. Ikiwa huko si kusomesha, basi mimi sijui kusomesha ni nini.

Jana nilimwendea Bwana Omari nikamuuliza, kwa adabu zote. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari yake: "Chuo cha nyumbani si shule. Wazungu wa koleji watakucheka. Andika kwamba ulikuwa nahodha wa mpira."

Sijawahi kuwa nahodha wa mpira. Nilikuwa nikiwachotea maji wachezaji.

Nikasema ewallah, nikatoka. Na naona haya kuandika kwamba leo asubuhi nilikaa nikainakili insha nzima bila ile aya, na nahodha nikamtia.

Adhuhuri mama akataka nimsomee. Maandishi ya shule hayasomi, anasoma ya Kiarabu, kwa hiyo nikamfasiria kutoka Kiingereza mpaka mwisho. Alinisikiliza huku akichonga kalamu za utete za wanafunzi wake. Nilipomaliza akauliza, "Na hapa petu, hukupataya?"

Nikamweleza kuwa nilipataja, ila Bwana Omari amepafuta.

"Omari mwana wa Bi Zena?" akasema. "Huyo nimemshika mkono mimi. Kila akiandika herufi ya ain ikampinda, alikuwa akilia." Akacheka, wala si kwa ubaya, akarudi barazani kwa watoto wake.

Mimi sikucheka.

Nilikuwa sijui kwamba naye alipita hapa. Sasa naelewa kwa nini kila Ijumaa akitoka msikitini husimama mlangoni petu, akainamisha kichwa, akamwita mama "Mwalimu". Mimi nilidhani ni heshima tu ya mtaani. Kumbe anajua. Anajua ni nani aliyemfundisha kushika kalamu, na kwa kalamu hiyo hiyo akamfuta. Mtu gani huyu, ambaye mwalimu wake ni mwalimu kichochoroni, na kwenye karatasi ni aibu?

Na mimi je, niliyekubali?

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yeye alikata mara moja. Mimi nilikaa na wino wangu mzuri nikaandika ukurasa mzima kama kwamba sina mama.

Nimeichana ile ya asubuhi. Nimenakili upya, polepole, bila doa. Nahodha nimemtoa. Aya imerudi mahali pake, na nimeiongezea sentensi moja: kwamba miongoni mwa aliowasomesha mama yangu yumo mwalimu wangu wa shule. Jina sikulitaja, adabu ya nyumbani bado ninayo.

Kesho asubuhi naipeleka posta mwenyewe, na ndia ya posta inapita mlangoni kwa Bwana Omari. Nitamwamkia kama kawaida. Wazungu wakitaka kucheka, wacheke. Wakinikataa, angalau watakuwa wamenikataa mimi, si nahodha wa mpira asiyekuwapo.