Ubatizo wa Bibi Damari

Igowole, Mufindi
22 Septemba 1974

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa sasa, na Mama naye goti limempa nafuu. Mimi sijambo. Ukungu wa huku umekaza mno. Watoto wanaingia darasani wamejitanda khanga za mama zao.

Baba, nilipokuja Mbeya mwezi wa sita pamoja na Tadeo, mganga wa zahanati ya hapa, kukuambia kwamba anataka kunioa, ulisema mbele yake na mbele ya baba wadogo kwamba huwezi kumpa binti yako mjukuu wa mtumwa. Ukasema nikibisha niende ile misheni ya karibu na Iringa nikasome mwenyewe kitabu cha ubatizo. Nilikwenda.

Mchungaji Yohane, mzee sana sasa, alinipokea vizuri. Kitabu kimeandikwa Kijerumani, akawa ananitafsiria. Bibi yake Tadeo tulimwona humo mapema: alikombolewa mtoto mdogo kutoka msafara wa watumwa. Ulisema kweli. Nikaomba basi tumtafute na Bibi Damari, mama yako, maana naye alibatizwa pale. Niliomba kwa kujidai, kwa kuwa tangu utoto ulituambia alikuwa binti wa mtemi.

Imeandikwa kwamba alifika peke yake, msichana mdogo, kamba iliyokatwa ikining'inia shingoni. Bwana aliyemmiliki alipokuja kumdai, msichana alikumbatia nguzo ya kanisa akasema mbele ya watu wote kwamba atatolewa pale akiwa maiti. Bwana yule akaondoka mikono mitupu.

Nilimwomba Mchungaji arudie kusoma. Alirudia, halafu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani baba yako hakuwaambia? Mwaka aliochaguliwa mzee wa kanisa alikuja hapa, nikamsomea ukurasa huu huu. Alilia sana."

Kumbe ulijua.

Nimekasirika, Baba, wala sifichi. Sikasiriki kwamba Bibi alikuwa mtumwa. Nakasirika kwamba ulitunyima msichana yule wa kwenye nguzo, ukatupa mtemi ambaye hakuwahi kuwapo. Na kwa mtemi huyo wa uongo ukamtukana kijana wa watu barazani kwako, naye akakuaga kwa heshima.

Sasa nikuambie lililobaki. Jumamosi iliyopita mimi na Tadeo tulifunga ndoa kule kule misheni. Mchungaji alinisihi ningoje baraka zako. Nilimwambia baraka nilizifuata hadi Mbeya nikarudishwa na matusi. Siombi radhi kwa ndoa hii. Naomba radhi kwa moja tu, kwamba Mama hakuwepo kunifunga kilemba.

Krismasi tutakuja wote wawili. Tadeo ataleta mahari kwa adabu zote, na atakupigia magoti kama mkwe. Ukitaka kumkataa, mkatae kwa jambo alilolitenda yeye. Ukitaja tena utumwa, nitasimama hapo hapo mbele ya baba wadogo niwasimulie habari za Bibi yetu, tangu kamba mpaka nguzo.

Wasalimie baba wadogo wote. Mama msomee barua hii polepole, na usiruke mahali. Nitamuuliza.

Mimi mwanao nikupendaye,
Sekela