Dereva wa Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 4 Mei
Mjini Mlolongo tena. Homa ya dengi, wagonjwa wengi katika ploti moja ya kupanga nyuma ya mizani ya malori. Mtoto wa Mama Mwende, mpangaji wa pale, amefariki. Miaka minne. Habari yangu imetoka ukurasa wa tano. Sikutaja jina. Niliandika kwamba mmoja wa wagonjwa ni dereva wa lori aliyerudi kutoka Mombasa.

Jumatano, 6 Mei
Ploti ile ina dereva mmoja tu. Musyoka, ghorofa ya pili. Mama Mwende amesema mbele ya watu kwamba ndiye aliyemletea mtoto kifo. Mwenye ploti amempa Musyoka hadi mwisho wa mwezi ahame. Kosa ni langu. Sentensi moja.

Ijumaa, 8 Mei
Maabara. Daktari Nduku anasoma vinasaba vya virusi kutoka damu ya wagonjwa. Virusi vikijinakili hukosea hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa. Ndiyo yanayoonyesha ukoo. Majibu ya mtu mmoja hampi mwandishi. Nilimweleza nilichofanya. Kisha akasema Musyoka mwenyewe anaweza kuyaomba, kwa sahihi.

Jumamosi, 9 Mei
Musyoka ametia sahihi. Mke na watoto ameshawapeleka kijijini Kola kwa mamake. Nilitarajia matusi.
"Wewe ndiye wa gazeti? Ingia. Mbu wa hapa hawabagui, hata wewe watakuonja."
Ingekuwa rahisi kama angenitukana.

Alhamisi, 14 Mei
Majibu. Virusi vya Mombasa ni ukoo mwingine. Vya Musyoka na vya mtoto ni ukoo mmoja, na umo katika damu iliyochukuliwa Mlolongo kabla lori lake halijarudi.
"Hakuja nayo," Nduku alisema. "Aling'atwa hapa hapa."
Nani alianza kuugua, hawezi kusema.
Watu wa afya wamepata viluwiluwi vya mbu kwenye pipa chini ya ngazi. Pipa la Mama Mwende. Maji ya mfereji huja mara moja kwa wiki.

Ijumaa, 15 Mei
Mhariri anataka niandike pipa na mwenye pipa. Nimekataa. Tumebishana saa nzima. Nimeandika: dereva hakuleta ugonjwa, gazeti lilikosea, funikeni maji. Basi.

Jumapili, 17 Mei
Kola. Nilimkuta Musyoka shambani akichuma kunde. Alisoma gazeti mara mbili, akalikunja. Mwenye ploti amempigia, anaweza kubaki. Aliuliza kama Mama Mwende amesoma. Nilimwambia amesomewa.
"Hukuandika pipa ni la nani."
"Hapana."
"Nililiona likiwa wazi tangu Machi. Nami nilikuwa nachota humo." Akarudi kuchuma. "Usiandike ni la nani."
Nilichuma naye hadi kikapu kikajaa.