Kamba za Mbele

Dada Rehema, shikamoo. Huku Ziwani mvua imekatika, na muhogo wa nazi umeninenepesha.

Kile kiti cha kuning'inia ninachobuni kwa sebule za kisasa kilikuwa kinammwaga mbele kila anayekikalia. Nilikaribia kukata tamaa. Juzi Bi Somoe, msusi wa mikeka anayenisukia kiti hicho, alikijaribu mwenyewe, akacheka. "Kizuri kwa macho, mwanangu, lakini mgongo wangu kinauonea."

Akafupisha kamba za mbele kwa vidole vinne, akaketi tena. Kabla sijamshukuru, alikuwa ameshasinzia. Nikakaa chini nikimtazama, machozi yananilengalenga kwa furaha.

Nibusie wanangu. Mungu akutunze, dada, wewe uliyebaki kunilelea watoto ili nije huku.

Mdogo wako,
Salma