Bao la Thelathini na Moja

Wamaza, Ijumaa tarehe 12 Julai 2024

Kwa ndugu yangu Déo, huko Kasongo,

Nakusalimu kwa moyo wote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile jino lililokutesa tangu Mei ulishaling'oa. Mimi mwili wangu ni mzima. Nyumbani wote wapo, dada yangu Safia amejifungua mtoto wa kike, na mihogo imekubali mwaka huu. Barabara tu ndiyo imezidi kuharibika, hata wenye pikipiki wanashuka na kusukuma. Nimekupigia simu mara saba. Najua unaiona namba yangu na kuiacha ilie, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Ukitaka kuichana, ichane, lakini nakuomba ufike mwisho kwanza.

Nianze na habari za maziko ya Mama Cécilia, kwa kuwa hukuyaona. Tulimzika mama yako tarehe 20 Juni, nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yako. Wanawake wa sokoni walikuja, walewale walioacha kununua chikwangue zake za mihogo tangu ile mechi ya mwisho ya ligi, na walilia sana. Vijana waliokutumia habari kwamba ukikanyaga Wamaza watakuvunja miguu, hao ndio waliochimba kaburi, tena kwa bidii. Mimi nilibeba jeneza upande wa kichwa, mahali ambapo ungebeba wewe. Niliwaonea hasira wale vijana, kisha nikaona sina haki nayo.

Habari zangu mwenyewe unazijua nusu. Hapa hakuna tena anayeniita Asani. Watoto, wazee, hata imamu akijisahau, wananiita Trente-et-un. Mwenye duka la kona ameandika ukutani kwa rangi nyekundu jina langu na ile hesabu, mabao thelathini na moja katika msimu mmoja, rekodi ya teritwari nzima ya Kabambare. Kombe liko Salamabila, ila watu wetu wamepata cha kujifariji. Wanasema tulikuwa na mshambuliaji bora kuliko wote, tukaangushwa na golikipa msaliti. Nimesikia maneno hayo miezi miwili nikinyamaza.

Nataka turudi kwenye jioni ile ya kambi, pale Kabambare. Kocha Amuri alileta sinia moja la bugali na sombe ya majani ya mihogo, kama afanyavyo kabla ya kila mechi kubwa, akasema yale yale, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenye siri dhidi ya wenzake asitie mkono wake humo. Tulitia wote. Wewe ulikaa ukutani, shavu limevimba, ukasema huwezi kutafuna. Tulikucheka, tukakuuliza kama umemeza mpira. Baada ya mechi swali lilikuwa moja tu: nani hakutia mkono? Na kwa kuwa bao la pili lilikukuta umetoka langoni, ushahidi ukawa umekamilika. Watu wazima, wenye wake na watoto, walikataa kuamini jino.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo. Mchana wa siku ile ya kambi, nilipokuwa naoga mtoni, alinifuata Serge, kapteni wa Dhahabu, wale wa Salamabila. Alisema anajua nina mabao thelathini, sawasawa na rekodi ambayo hakuna aliyeivuka tangu baba zetu wakicheza. Alisema bao moja si kitu kwao, wanachotaka ni kombe. Yeye atateleza mara moja, niingie. Nami, mechi ikikaribia kwisha, nimsahau mara moja kwenye kona. Hakunitolea hata faranga, na hilo linaniumiza zaidi, maana hata kununuliwa sikununuliwa. Sikumjibu kitu. Alielewa, nami nilijua kwamba ameelewa. Nikarudi kambini, nikatia mkono katika sinia kama wengine.

Mengine uliyaona kwa macho, ila hukujua unaona nini. Dakika ya kumi Serge aliteleza mahali pakavu. Nikafunga, wakanibeba. Kwa pointi tulizokuwa nazo tulihitaji sare tu kuchukua kombe, na hata waliposawazisha kipindi cha pili, sare bado ilikuwa yetu. Zilipobaki dakika mbili wakapata kona. Serge alikuwa mtu wangu wa kumkaba, kocha alitupangia hivyo tangu Wamaza. Nilibaki katikati ya kiwanja, mikono kiunoni, kama mtu anayevuta pumzi. Uliponiona sipo, ulitoka langoni kuziba nafasi yangu. Ndiyo maana ulikuwa nusu ya njia Serge alipofunga. Ulikuwa unafanya kazi yangu, Déo.

Jana nilikwenda kwa Kocha Amuri nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Alisema nisirudi tena mazoezini, na kwamba Jumapili atawaambia watu kiwanjani, nami nisimame kando yake. Nitasimama. Ukipata barua hii Wamaza yote itakuwa imeshajua. Naogopa, sitakudanganya.

Limebaki neno moja, nalo si langu. Wiki moja kabla ya kufa, mama yako aliniita. Nilimkuta amelala, nikampa maji. Nilidhani ataniuliza kama uliuza mechi, nikawa nimeshaandaa jibu la woga, kwamba mpira ni mpira. Hakuniuliza. Alisema, "Umuambie Déo mie sikuamini maneno ya watu. Mutoto wangu hakuuzisha kitu. Lakini wewe, Asani, juu ya nini unakonda vile?" Nilimjibu kwamba ni malaria. Aliniangalia, akaniomba nimgeuze upande wa ukuta. Nikamgeuza.

Ujumbe huo nimekaa nao mwezi mzima. Ulikuwa wako, ungeweza kukufuta machozi siku ya maziko, nami niliuficha, kwa kuwa nisingeweza kuufikisha bila kukwambia kwa nini nimekonda.

Safia anakusalimu, na wa nyumbani wote. Nisalimie wenyeji wako wa Kasongo, uwashukuru kwa kukupokea wakati sisi tulikufukuza. Ukirudi, ufunguo wa nyumba ya mama yako anao Safia, si mimi.

Ni mimi,
Asani