Seli Changa Kichwani mwa Panya Mzee

Baba yangu,

Nimeanza kwa Kikurya makusudi, mama, maana kwetu baba ndiye mama, na yule ambaye Waswahili wanamwita baba, sisi tunamwita tata. Ulinipa jina la mama yako, Bhoke, kwa hiyo tangu nikiwa mgongoni uliniita baba, na mimi nikakuita baba. Wageni waliofika kwetu Nyarero walibaki kututolea macho. Ulipenda kuwaacha wahangaike kwanza ndipo uwaeleze, na wewe ukicheka kuliko wote.

Mwaka wa nne huu tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu ya panya. Nimepata kibarua cha kutega panya wa porini huku Ringwani, na najua ungesema nini: "Nimekusomesha hadi kidato cha sita uje utege panya?" Naam, mama, natega. Jioni napanga mitego ya bati pembezoni mwa mashamba, ndani natia karanga zilizosagwa na unga kidogo. Alfajiri nakusanya. Ninayemfanyia kazi ni mtafiti, kijana mpole kutoka Morogoro. Huwachoma panya sindano ya usingizi wasiamke tena, kisha huchukua ubongo na kuukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Anataka kujua kama mnyama aliyekwisha kukomaa, anayeishi porini na siyo kwenye kizimba, bado anaotesha seli mpya za ubongo.

Kila nikishika mtego nalikumbuka ghala letu la ulezi. Tata alikuwa akitega mtego uleule, mahali palepale, na kila siku ananasa vitoto. Wewe ulisimama mlangoni na ungo wako ukamwambia, "Mzee hutampata hapo. Mzee anajifunza, ndiyo maana amefika uzee." Tata alinuna siku nzima. Kesho yake akahamisha mtego.

Halafu kiharusi kikakupata, mkono wa kulia ukalala na Kiswahili chote kikaondoka. Kikurya kilibaki vipandevipande. Hospitalini muuguzi alikuwa mama mmoja wa Tanga, mgeni kabisa wa mkoa wetu. Alikuinamia kwa upole, akaninyooshea kidole.

"Mama, huyu ni nani?"

"Baba," ulisema.

Akatikisa kichwa, akaandika. Aliponitoa nje aliniambia kwamba hutambui watu tena. "Ubongo wa mtu mzima ni kama jino la utu uzima, mwanangu. Likishang'oka halioti lingine. Mtunzeni tu."

Ulikuwa umejibu sawasawa, mama. Katika wodi ile nzima mimi peke yangu nilijua hivyo, na sikusema. Niliona haya kuanza kumweleza mtu mwenye Kiswahili chake kile kizuri kwamba sisi Wakurya tunaita mama baba, na huku watu wamejaa kwenye korido. Nikasema, "Ahsante, shikamoo," kama mtu aliyesahau mpangilio wa salamu, nikaondoka.

Nyumbani, hata hivyo, hukukubali. Kila alasiri ulikaa ukumbini na kidole cha mkono wa kushoto ukakinyoosha: kuku, jembe, kanga yangu. Nami nilikutajia jina, wewe ukalirudia mpaka likae. Kuku ulimpata kwa siku tatu. Jembe lilikushinda wiki nzima, na ulipolipata uliita majirani. Halafu mimi nikaacha kukufundisha. Nilijiambia kwamba muuguzi amesema.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita tulinasa dume mmoja mkubwa. Mtafiti alimfunua mdomo, akasema, "Huyu mzee, dada. Tazama meno yalivyolika." Siku chache baadaye aliniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona vidoa vya kahawia vimejipanga mstari, kila kimoja na kimkia chake, kama mbegu za ulezi zilizoanza kuota.

"Hizo ni seli changa," alisema. "Zimezaliwa juzijuzi tu, katika kichwa cha mzee."

Nikamuuliza kama wanyama wote wako hivyo. Akasema hapana, wengine wanazo nyingi, wengine, kama popo kadhaa, ni za kutafuta. Na binadamu? Akacheka kidogo, akasema juu ya binadamu wataalamu bado wanabishana.

"Na mtu mzima aliyepigwa na kiharusi?" Aliacha hadubini akanitazama.

"Hilo ni jambo lingine, dada Bhoke. Akifundishwa, mara nyingi sehemu zilizobaki nzima hujifunza kazi ya zile zilizokufa. Siyo zote, lakini hujifunza. Wala hahitaji kungoja seli mpya. Anahitaji mtu wa kukaa naye."

Nilitoka nje nikalia, mama, kisha nikanawa uso nikaendelea kuosha mitego.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule muuguzi. Simlaumu tena. Hakuniambia niache kukufundisha, alisema mtunzeni. Nilikuwa nimechoka kukaa ukumbini kila alasiri, na neno lake lilinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Ukweli ndio huo, na wewe hukupenda ukweli uzungushwe. Naomba unisamehe, ingawa najua msamaha wako haufiki kwa posta.

Nimetulia sasa kuliko nilivyodhani. Nafanya kazi, nakula, tata ni mzima na bado ni mkaidi. Siku moja tu ndiyo inayonirudia: alasiri ile ulipokinyoosha kidole mezani, nami nikasema, "Pumzika tu, baba." Ulikiacha kidole hewani kwa muda, ukanitazama, ukakishusha mapajani. Hukukinyoosha tena.

Pumzika kwa amani, mama. Ulichokuwa unaniuliza siku ile ni birika. Linaitwa birika.

Binti yako,
Bhoke